Tutoke Getini: Mji Hujulikana kwa Miguu na kwa Masikio

Tulifika Morogoro tukitoka kila pembe ya nchi: Bukoba, Mbulu, Njombe, Sumbawanga, Mtwara. Wengi wetu tulishuka Msamvu na begi moja, ndoo, na bahasha yenye barua kutoka jimboni. Tulipokelewa vizuri. Tulionyeshwa kanisa, bweni, maktaba, bwalo na ratiba iliyobandikwa ukutani, na ndani ya juma moja tulikwisha kujua kengele ipi inaita kwenye nini. Mwaka ukapita. Siku moja mgeni alitusimamisha nje ya geti akatuuliza njia ya kwenda ofisi ya serikali ya mtaa. Tulikuwa wanne. Tukatazamana. Hakuna aliyeijua ofisi hiyo, na baada ya mgeni kuondoka tuligundua kwamba hakuna aliyejua hata jina la mtaa wenyewe.

Tangu siku ile tumekuwa tukijadiliana jambo hili bwenini, na sasa tunaliandika. Tunaamini kwamba mseminari anayehamia mji mpya anapaswa kuujua mji huo kwa miguu yake na kwa masikio yake: afanye mazoezi nje ya geti, barabarani na mlimani, na asikilize muziki wa watu wa hapo. Tunaamini pia kwamba hilo si suala la burudani inayobaki baada ya malezi kumalizika. Ni sehemu ya malezi yenyewe, na kwa sasa tunaiacha nje.

Tuanze na lile linalotuuma. Katika mwaka wetu wa kwanza alikuwapo mwenzetu aliyetoka nyanda za baridi. Joto la Morogoro la mwezi wa Novemba, pale mvua inapochelewa, lilimnyima usingizi. Alikuwa mtu mwema, mwenye akili, mtu wa sala. Kila jioni baada ya masomo alivaa hedifoni akasikiliza nyimbo za lugha ya kwao, na sisi tulimwacha. Tulidhani tunamheshimu. Kabla ya Noeli aliomba ruhusa ya kwenda nyumbani, akaenda, hakurudi. Hatusemi kama alikuwa na wito au hakuwa nao. Hilo ni la Mungu, la kwake mwenyewe na la walezi wake. Tunachojua ni kwamba aliishi Morogoro karibu miezi mitatu na hakuwahi kufika sokoni. Milima ya Uluguru aliiona kwenye dirisha la darasa. Alipoondoka, nje ya ukuta wetu hapakuwa na mtu hata mmoja wa kuuliza, “Yule kijana yuko wapi siku hizi?”

Na tukisema kweli, wengi wetu tuliishi kama yeye. Tofauti ni kwamba sisi tulikuwa tunalala.

Tunasoma habari za Mtakatifu Augustino kana kwamba alizaliwa akiwa askofu. Tunasahau kwamba kabla ya yote alikuwa Mwafrika aliyehamia mji wa ugenini. Mwaka 384 alifika Milano kufundisha ufasaha wa lugha, na yeye mwenyewe ameandika kwamba Waitalia walikuwa bado wanamkosoa matamshi yake. Alikuwa na kazi nzuri na hakuwa na amani. Katika kitabu cha tisa cha Maungamo anaeleza jinsi alivyolia aliposikia nyimbo za kanisa la Askofu Ambrosi, kanisa ambalo lilikuwa limeanza muda si mrefu desturi ya watu wote kuimba pamoja, wakati walipokesha kanisani kwa kuogopa hila za mama wa mfalme. Zingatieni kwamba nyimbo zile hazikuwa za nyumbani kwake Thagaste. Zilikuwa nyimbo za mji aliouhamia. Hoja zilikuwa zimemfikisha mbali, lakini zilipoingia masikioni sauti za watu wale, wageni kwake, ndipo machozi yalipotoka. Alibatizwa pale Milano, Pasaka ya mwaka 387.

Sisi tulikuja Morogoro na kufanya kinyume chake. Kwenye kigango tulichopangiwa kwa utume wa Jumapili, tulifika na madaftari ya nyimbo zetu. Kwaya ya pale huimba kwa ngoma na kayamba, bila kinanda, na tuliona kazi yetu ni kuinyoosha. Jumamosi mbili tukawafundisha nyimbo mpya za sauti nne. Hawakukataa, kwa sababu watu wa pale wana adabu, na frateri akisema jambo ni vigumu kumpinga. Jumapili ya tatu, baada ya Misa, mama mmoja wa WAWATA alitungoja mlangoni. Baada ya “Tumsifu Yesu Kristo” na habari za masomo, alisema: “Mafrateri wetu, mnaimba vizuri sana. Ila tangu mje hamjatusikia.”

Tulirudi kimya siku ile. Jumapili tatu zilizofuata tuliomba kukaa benchi la nyuma, tukawaachia wenyewe. Tulisikia mambo ambayo daftari haliandiki. Anayeanzisha wimbo hamalizi mstari wake. Watu humpokea kabla hajafika mwisho, ili pasiwe na nafasi tupu kati yao. Wazee hushusha sauti mahali ambapo vijana hupandisha, na ngoma haifuati wimbo, huutangulia kidogo, kama mtu anayekushika mkono kukuvusha mto. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 1963, ulikwisha kusema kwamba muziki wa watu wanaohubiriwa Injili upewe heshima na nafasi yake, na kwamba wamisionari waandaliwe kuujua. Mwaka huohuo padre wa nchi yetu, Stephen Mbunga, alichapisha utafiti wake mkubwa juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Vitabu hivyo tulikuwa tunavifahamu kwa majina. Tulimhitaji mama wa kigangoni atuambie maana yake.

Lakini muziki wa mji hauishii kanisani, na hapa najua baadhi ya walezi wetu wataanza kukunja uso. Karibu na geti letu yupo mzee fundi cherehani mwenye redio ndogo. Siku moja tulimpelekea kanzu zilizofumuka kwapani, na wakati anashona redio ikapiga gitaa la zamani. Mmoja wetu akauliza, “Babu, huu si muziki wa Kongo?” Mzee akasimamisha cherehani. “Wa Kongo! Wanangu, huyo ni Mbaraka. Mbaraka Mwinshehe wa hapahapa Morogoro.”

Kanzu zile zilichukua mchana mzima. Alitusimulia habari za Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba, iliyocheza rumba ya Kikuba kwa maneno ya Kiswahili mpaka mwenyewe alipofariki kwa ajali mwaka 1965 na Juma Kilaza akaishika bendi. Alitusimulia Morogoro Jazz, iliyokwenda mpaka Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, na jinsi Mbaraka alivyojitenga mwaka 1973 akaanzisha Super Volcano, na jinsi habari ya kifo chake kwa ajali ya gari kule Mombasa, Januari 1979, ilivyoufikia mji huu. Hapo mzee alinyamaza kidogo, akavuta uzi, akaendelea kushona. Watu huita Morogoro mji kasoro bahari. Kumbe kwa muda fulani mji huu ulikuwa bahari kwa upande wa muziki, na mito ya nchi ilimiminikia hapa, na sisi tulikuwa tumekaa mwaka mzima juu ya ukingo wake bila kulowana.

Tangu siku ile tukipita pale hatupiti tu. “Shikamoo, babu.” “Marahaba, wanangu, leo mmesoma nini?” Yeye ni Mwislamu na hatujawahi kumuuliza lolote la dini, yeye ndiye hutuuliza. Na nyimbo zile, tulipoanza kuzisikiliza kwa makini, tukakuta zinaimba juu ya shida ya fedha, mke aliyeondoka, rafiki asiyelipa, barua isiyojibiwa. Ni mambo yaleyale ambayo siku moja, Mungu akipenda, watu watatuletea kwenye kiti cha kitubio. Hatuoni kwa nini tusubiri daraja ya upadre ndipo tuyasikie.

Sasa miguu. Mpira tunao, na uwanja wetu ni mzuri kuliko wa shule nyingi. Hatuudharau. Ila uwanja ule una kila kitu isipokuwa mji. Unakimbia dakika tisini na watu uleule uliokula nao ugali mchana. Kwa hiyo mwaka jana tuliomba ruhusa, wachache wetu, kwenda Jumamosi alfajiri kukimbia na kikundi cha jogingi cha mtaani. Walezi waliifikiria kwa wiki kadhaa, nasi tunawashukuru kwa kuifikiria na hatimaye kuikubali.

Mtanzania yeyote aliyesoma shule ya msingi anajua mchakamchaka. Vikundi vya jogingi ni mchakamchaka uleule uliokua mtu mzima: mmoja anatoa wimbo, wengine wanajibu, miguu ndiyo ngoma. Kuna filimbi, kuna jezi, kuna muuza genge na mwalimu na dereva wa bodaboda na mama mwenye duka la mbegu. Tulijiona vijana, tukatangulia kwa kasi. Baada ya kilomita mbili hatukuwa na pumzi ya kujibu wimbo. Yule anayeongoza akacheka, akatuambia kanuni ambayo hatukuikuta kwenye kitabu chochote: ukishindwa kuitikia, unakimbia peke yako. Wimbo ndio unaopima mwendo. Ukiweza kuitikia, kasi yako ni ya kikundi. Ukishindwa, umeshajitenga hata kama uko katikati yao. Hedifoni haziwezi kukupa hilo. Unaweza kukimbia mji mzima ukiwa nazo na usiwe umefika popote.

Platoni, katika kitabu cha tatu cha Jamhuri, ana jambo la karibu na hili. Anasema aliyelelewa kwa mazoezi ya mwili tu hugeuka mkavu na mkali, na aliyelelewa kwa muziki tu hulegea, na kwamba vyote viwili, hata mazoezi ambayo watu hudhani ni ya mwili, vimewekwa kwa ajili ya roho. Darasani tuliliandika, tukalijibia mtihani, likaisha. Ni kweli kwamba Platoni huyohuyo anaogopa muziki mpya na angepiga marufuku tuni nyingi. Wanaotaka geti lifungwe wanaweza kumwita shahidi wao. Sisi tunaona hofu yake inathibitisha hoja yetu: asingeogopa kitu kisichokuwa na nguvu ya kuunda mtu. Na kama muziki unaunda mtu, basi simu zetu zinatuunda usiku kucha bila mlezi yeyote kujua, wakati ngoma ya mtaani, inayosikika mchana mbele ya watu wote, ndiyo tunayokatazwa kuikaribia.

Jumamosi nyingine tunapanda mlima. Njia inaanzia upande wa Boma, inapita kati ya migomba na nyumba za udongo mwekundu, mpaka Morningside, ile nyumba ya enzi ya Wajerumani. Mara ya kwanza tulipanda tukitweta, raba zinateleza, na kila baada ya muda tulikutana na akina mama wa Kiluguru wakishuka na mikungu ya ndizi na matenga ya mboga kichwani, wakienda soko la Chifu Kingalu, wanazungumza kama watu waliokaa barazani. Bibi mmoja alisimama akatutazama. “Mnakimbia, wanangu? Nani anawafukuza?” Mmoja wetu, mwenye kifua, akajitolea kumpokea tenga lake. Alilibeba hatua kama ishirini. Bibi akalichukua tena, akalipachika kichwani kwa mkono mmoja, akatuaga. Tulichokiita zoezi kwa wenzetu ni njia ya kwenda kutafuta ada ya shule. Hatukulijua hilo kwa kuhubiriwa kuhusu maskini. Tulilijua kwenye mapaja na shingo.

Tumesikia hofu zilizopo, na si za kipuuzi. Kuna usalama wa barabarani, hasa alfajiri. Kuna waumini wanaoshtuka kumwona frateri amevaa bukta. Mmoja alikwenda mpaka parokiani kuuliza kama tumefukuzwa. Kuna hofu kubwa zaidi, ambayo haisemwi wazi: kwamba mji utatuchukua. Kwamba tukizoea nyimbo na watu wa nje, hatutarudi. Tunaijibu hofu hiyo kwa heshima. Yule mwenzetu hakuchukuliwa na mji. Hakuwahi kukutana nao. Mtu anaweza kupotea ndani ya ukuta vilevile, na huyo ni vigumu zaidi kumtafuta, kwa sababu kila siku yupo kwenye orodha ya waliohudhuria.

Walezi wetu wanatufundisha kwa mwongozo wa malezi ya mapadre wa mwaka 2016, na mwongozo huo unahesabu afya, mazoezi na mapumziko kuwa sehemu ya malezi ya kiutu. Pier Giorgio Frassati, aliyetangazwa mtakatifu Septemba 2025, alikuwa akipanda milima na rafiki zake, na alifariki akiwa na miaka 24, karibu umri wetu. Hatuombi jambo geni. Na tukumbuke kazi inayotungoja. Padre huhamishwa kwa barua. Atakwenda asipopachagua, kwa watu ambao hajui wanacheza ngoma gani wala wanalimia mlima upi, na baada ya miaka mitano au sita barua nyingine itakuja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunawaona mapadre watakatifu kabisa ambao wamekaa parokiani miaka na hawajashika jembe hilo, kwa sababu hakuna mahali walipojifunza namna ya kufika.

Mwezi wa Agosti mama wa yule kiongozi wa nyimbo za jogingi alifariki. Kawaida seminari hualikwa msibani kama kwaya: tunashuka kwenye gari, tunaimba, tunapewa soda, tunarudi. Safari hii simu ilikuja kwetu kama ilivyokwenda kwa wanakikundi wengine, saa nne usiku, na asubuhi tulipopata ruhusa tulikwenda kwa miguu. Hatukuvaa kanzu. Tulikaa kwenye mkeka na wanaume wengine, tukachanga, tukapasua kuni, tukabeba maji. Walipoanza kuimba, hawakutugeukia sisi tuanzishe. Walianzisha wenyewe, na sisi tukaitikia, na tuliweza, kwa sababu nyimbo tulikuwa tunazijua.

Tunachoomba ni kidogo. Wanaoingia mwaka wa kwanza wapandishwe mlimani ndani ya mwezi wao wa kwanza, waongozwe na mwenyeji na si na sisi. Jumamosi mbili kwa mwezi anayetaka aruhusiwe kukimbia na kikundi, kwa makundi, mlezi akijua nani katoka na atarudi saa ngapi. Kwenye utume, frateri akae benchi la nyuma majuma ya mwanzo kabla hajagusa kwaya ya watu. Na sisi wenyewe, bila kusubiri ruhusa ya mtu, tuvue hedifoni tukiwa nje ya geti.

Mwaka huu wa kwanza wamefika kumi na mmoja. Yupo mmoja, mkimya, wa kutoka mbali, anayekaa sana chumbani na simu yake. Ijumaa iliyopita baada ya Masifu ya Jioni alitufuata akauliza kama kweli kesho kuna mbio, na kama mtu asiye na raba anaweza kuja. Miguu yake ni namba 43. Tumezipata, za kuazima, zimechanika kidogo upande wa kushoto, na fundi wa viatu wa pale nje amesema atazishona kabla ya alfajiri.